Moto wa Kumtupia Bundi

Nyumba yangu ya hapa Oli, Uganda, niliijenga kwa mikono yangu. Matofali nilifyatua mwenyewe, nikayachoma mwenyewe, na fundi niliyemwita alikuja kupaua tu, kwa sababu goti langu la kushoto halipendi ngazi. Ina vyumba vinne, sakafu nyekundu inayong'aa na mabati ya kijani. Majirani zangu wanapika nje kwa kuni na mkaa, moshi ukiwatoa machozi. Kwangu kuna jiko la gesi: unazungusha kitufe, basi. Sebuleni, ukutani mkabala na mlango, nimetundika diploma yangu ya misitu katika fremu ya mninga. Mgeni hawezi kuingia bila kuiona. Sehemu hiyo niliichagua kwa makusudi.

Nina haki ya kujisifu. Nilitoka kwetu Koboko, karibu na mpaka, nikiwa na miaka kumi, nikimfuata mjomba aliyekuwa anavuka kwenda Kongo kutafuta maisha, na kutoka Kongo niliendelea kusogea hadi nikajikuta Tanzania. Nimeuza mayai ya kuchemsha stendi. Nimelinda maghala. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu, na chuo cha misitu niliingia nikiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote wa darasa. Nilipotoka nilikuwa wa kwanza. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi katika misitu ya milimani, na kitu nilichokijua kuliko wenzangu ni kuwatambua ndege wa usiku kwa sauti. Wenye digrii walikuwa wanakuja kuniuliza mimi.

Lakini katika vyumba vinne, kitanda kinacholaliwa ni kimoja. Mke wangu alibaki Morogoro. Alisema aliolewa na mtu, hakuolewa na Uganda. Watoto ni watu wazima, wananitumia picha. Mimi nilirudi kwa sababu ya mama, na nyumba niliijenga kwa sababu yake. Alikuwa Koboko, kwenye nyumba ya nyasi, pamoja na dada yake mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Nilitaka mama aje akae nami, anywe chai kwenye veranda yangu, na watu wa Oli wapite wakimwona. Kwenye chumba cha jua la asubuhi niliweka kitanda chake, neti mpya, na kiti cha mgongo mrefu.

Nyuma ya kiwanja, pale ardhi inapoanza kushuka kwenda mtoni, kuna mvule mmoja mzee. Ndugu zake wote walishakuwa mbao. Huu uliachwa kwa sababu tumbo lake limeoza, na urefu wa watu watatu hivi kutoka chini una tundu, mahali tawi kubwa lilipovunjika zamani. Wiki ya kwanza baada ya kuhamia, saa moja jioni, nilikuwa nafunga dirisha la jikoni niliposikia: hu-hu, hu-hu-hu, hu, hu. Halafu sauti ya pili, nyembamba, ndefu, mara moja tu: huuu. Niliacha dirisha wazi. Nilicheka peke yangu, kwa sauti.

Alikuwa bundi wa msitu. Watu wengi wakisikia neno bundi wanawaza macho ya njano na masikio yaliyosimama kama ya paka. Huyu hana masikio ya kuonekana. Kichwa chake ni cha mviringo, laini, macho ni meusi yenye uhudhurungi, makubwa, yenye unyevu, na juu yake nyusi nyeupe zinazompa sura ya mtu aliyeulizwa swali gumu. Mgongo ni wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, umenyunyiziwa madoa meupe. Kifua kina mistari ya kahawia na nyeupe iliyolala kama nyuzi za mkeka. Mdomo ni wa njano. Si mkubwa: ukimsimamisha mezani hafiki urefu wa thermosi ya chai. Anapenda msitu mnene, lakini msitu ukimkimbia anaridhika na miti michache ya kando ya mto, hata bustani ya misheni au shamba la misaji, mradi apate kivuli cha kulala mchana na tundu la kutagia. Ukikaa mitaa ya jirani, Ediofe au Mvara, kwenye miti mikubwa, huenda unaye na hujui.

Wanaishi wawili wawili, na wanaimba kwa kupokezana. Dume anaanza, jike anamalizia. Mwanzo wa kiangazi waliimba kila jioni, nami nilijua maana yake: wanalikagua tundu. Nilifurahi kama mtu aliyepata wapangaji wa heshima.

Jirani yangu hakufurahi. Ni mama mjane kutoka Kongo, anauza mandazi barabarani na vitenge siku ya soko, na ulimi wake haujawahi kupumzika.

"Papa Diploma," aliniambia juu ya ukuta, "ule ndege unalia kwako, weye unacheka?"

"Ni ndege tu, mama. Anamwita mke wake."

"Basi na weye uite wako, atakuja? Ule ni ndege ya walozi. Kaka yangu iko na msumeno ya injini. Siku moja tu, mti chini, unapata mbao, tunapata usingizi."

Nilimwambia huwezi kukata mti kama ule mbele ya mtu mwenye diploma ya misitu. Akasema diploma haisikii usiku, yeye anasikia.

Mama nilimleta mwishoni mwa mwezi huohuo. Nilikwenda Koboko mwenyewe, nikamkalisha mbele kwenye gari, karibu na dereva. Alipofika alivua ndala mlangoni. Alipapasa kuta kwa kiganja, chumba baada ya chumba, akafungua bomba akalifunga, akalifungua tena. Kwenye diploma alisimama muda mrefu ingawa hajui kusoma.

"Hii ndiyo ulifuata miaka yote?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Iko ndogo," alisema, akacheka, akanipiga bega. "Lakini nyumba iko mzuri. Mzuri sana."

Sisi wawili tunaongea Kiswahili. Kikakwa changu, lugha ya kwetu, kilibaki cha mtoto wa miaka kumi. Naweza kuomba maji na kuomba radhi. Yeye Kiswahili alikiokota masokoni, huku na ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kati yetu kuna lugha ambayo si ya mama yangu, na tunajitahidi.

Nilipika mimi. Ugali wa muhogo na mtama, na majani niliyoyaunga kwa simsim, yaani ufuta. Tulikuwa tumekaa verandani, amekula matonge mawili, giza linaanza kushika mti, dume akaanza. Hu-hu, hu-hu-hu. Mama aliweka tonge chini. Jike akajibu. Mama akainuka.

"Moto iko wapi?"

"Moto wa nini, mama?"

"Moto! Ya jiko!"

Kwetu, bundi akilia nyumbani, mwanamke wa nyumba hiyo anachomoa kijinga cha moto kwenye mafiga yake na kukitupa upande wa sauti. Si lazima kimguse ndege. Ni kama kumjibu: hapa kuna watu, hapa kuna anayepika, nenda. Nilikuwa nimeona jambo hilo utotoni na nilikuwa nimelisahau kabisa. Mama aliingia jikoni kwangu, nikasikia anafungua makabati. Alitoka mikono mitupu.

"Mama, natumia gesi. Ukizungusha kitufe..."

"Utatupa kitufe?"

Nilimwambia twende kwa jirani, moto wake ulikuwa unaonekana pale juu ya ukuta. Alinitazama kama mtu ambaye kweli hakwenda shule. Moto wa nyumba nyingine unajibia nyumba nyingine. Basi nikafanya nilichokijua: nikaanza kumfundisha. Nikamweleza juu ya macho na nyusi, nikamweleza anakula nondo, mende wakubwa, panya na vyura, nikamwambia hana habari na sisi. Nilieleza vizuri, nimewahi kueleza mbele ya wageni wa kutoka mbali wakapiga makofi. Mama alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Maneno yako iko mzuri," alisema. "Lakini mimi hapana lala kwa nyumba iko bila moto, na ile kitu inaita."

Alilala akiwa amekaa kwenye kile kiti cha mgongo mrefu. Asubuhi nilimrudisha Koboko. Neti mpya haikuwa imekunjuliwa.

Baada ya hapo uimbaji ulipungua, kwa sababu jike aliingia ndani ya tundu. Hawajengi kiota, anataga mayai yake, moja au mawili, meupe, juu ya vumbi la mti lililooza, na kuyalalia peke yake kwa muda wa mwezi mmoja. Dume ndiye anayewinda. Kila jioni nilimwona akitua kwenye tawi la pembeni akiwa na kitu mdomoni, akiita mara moja kwa sauti ya chini, na uso wa mviringo ukijitokeza tunduni, ukipokea, ukirudi gizani. Nilikuwa nakaa kwenye veranda kuwatazama. Kiti cha pili sikukiondoa.

Nikapata wazo, na nililiona la kisomi. Wale ndege nilikuwa nimewarekodi kwenye simu wakati wa nyimbo zao, dakika nne safi kabisa, dume na jike. Nikasema, mama hakuelewa kwa sababu alishtuliwa jioni. Akisikia mchana, ametulia, nikamwonyesha hapa ni mume na hapa ni mke, ataona ni familia. Kazini tulikuwa tunafanya hivyo kwa wanafunzi. Nikapanda gari, nikaenda Koboko.

Nilifika kama saa nne asubuhi. Wanawake walikuwa wanamenya karanga uani, mama katikati yao. Mama mkubwa, yule dada yake, alikuwa amelazwa kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa ili apate jua. Nilisalimia wote. Nikakaa, nikatoa simu, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasema, "Leo nimewaletea kitu cha kujifunza." Nikabonyeza.

Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Kisha jike akajibu, sauti ile nyembamba, ndefu, pale katikati ya uwanja, jua likiwaka. Mwanamke mmoja alinyakua mtoto wake akakimbia. Karanga zilimwagika. Mama mkubwa, ambaye kichwa chake hakikuwa kikigeuka kirahisi, aliigeuza shingo yake taratibu akauliza, kwa Kikakwa, hata mimi nikaelewa: "Linamwita nani?"

Mama alichukua beseni la karanga akaifunika simu. Bundi akaendelea kulia chini ya beseni. Ilinibidi niingize mkono, nipapase, na kwa haraka nikabonyeza pasipotakiwa, sauti ikazidi. Nilipofanikiwa kuizima, shemeji mmoja wa ukoo, mzee niliyekuwa namheshimu, alikuwa amesimama mbele yangu na jembe.

"Mutu ya shule," alisema. "Sisi tunafukuza hii kitu miaka yote. Wewe unabeba kwa mfuko, unaleta kwa mgonjwa?"

"Mzee, ni sauti tu, nimerekodi..."

"Toka na hiyo sauti yako."

Mama alikuwa amepiga magoti kwa dada yake, anampepea kwa kanga. Nilisubiri anitazame. Nikaondoka.

Mama mkubwa alifariki wiki tano baadaye. Alikuwa na umri ambao hakuna aliyejua hesabu yake, na alikuwa amelala kwenye mkeka ule kabla sijarudi Uganda. Hilo nalijua, na kila mtu analijua. Hata hivyo hawakuniita. Habari niliipata kwenye kituo cha magari, kwa dereva wa Koboko aliyenipa pole akidhani natoka mazishini. "Watu walikuwa wengi, mzee," aliniambia. "Ulikaa upande gani? Sikukuona."

Nilisema nilikaa nyuma.

Sijui kama msomaji anafahamu uzito wake. Kwetu hata adui anaitwa kwenye mazishi, hata mdeni, hata mlevi. Mimi, mtoto wa ndani, nilisoma, nikarudi, nikajenga, na siku ya kuzika waliniruka. Nilirudi Oli nikakaa sebuleni bila kuwasha taa, mbele ya fremu ya mninga. Jioni ile nilimwambia jirani yangu juu ya ukuta amwite kaka yake na msumeno.

"Papa, kweli?" Safari hii hakunitania. "Basi kesho kutwa. Pole, Papa. Pole sana."

Kesho yake mchana pikipiki ilisimama langoni. Abiria alikuwa mama, na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Kutoka Koboko alikuja peke yake, akashuka kwenye gari, akapanda boda kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nilitaka kusema mengi. Alinyoosha mkono kunizuia.

"Dada yangu alikuwa mzee. Mimi najua. Watu wanasema, wacha waseme." Akaangalia nyuma ya nyumba. "Kamba ya nini kwa mti?"

Kaka wa jirani alikuwa ameshafunga kamba asubuhi ile kupima mti utaangukia wapi. Nikamwambia: tunaukata, mama, ili uje kukaa.

"Hapana kata. Ukikata, ile ndege itaenda wapi? Itaenda kwa mutu ingine. Hii iko yako, wewe ukae nayo." Kisha akavua kanga aliyojitupia begani. "Nipeleke kwa mto."

Mtoni alichagua mawe matatu. Alikataa mengi, akiyageuza kwa mguu, na aliyoyachagua yalikuwa makubwa. Nilibeba moja moja, goti likilalamika. Alinionyesha pa kuyaweka, nyuma ya jikoni, nje, yakitazama mvule. Aliokota kuni mwenyewe. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema, "Mama, umefika kumfundisha kazi huyu?" Mama akamjibu, "Iko na karatasi, lakini hapana moto," na wote wawili walicheka hadi wakashikana mikono juu ya ukuta. Nilicheka nami, kidogo. Kamba ilifunguliwa.

Jioni, mama akiwa amechochea moto na chungu kikubwa alichokiazima kwa jirani kikichemka, kinda alitoka. Wanatoka tunduni kabla hawajaweza kuruka vizuri, wakiwa na wiki tano hivi; wanapanda matawi kwa kucha na mdomo, na wazazi wanaendelea kuwalisha miezi kadhaa. Huyu alikuwa peke yake. Alikaa kwenye tawi la chini, mpira wa manyoya meupe yenye mistari hafifu, na macho yale meusi, akiyumba. Mama alimwona kabla yangu. Alisogea hadi chini ya tawi, shingo ameinua, na walitazamana.

"Iko na uso," alisema.

"Mzuri, siyo?"

"Mzuri." Akafikiri. "Ikikuwa mkubwa italia."

Na baba wa kinda alipolia, kutoka upande wa mto, mama alichomoa kijinga na kukitupa. Lakini alikitupa upande mwingine, mbali na tawi la kinda. Kiliangukia majani mabichi kikafuka moshi. Dume alinyamaza. Alikaa kimya muda wa kutosha mtu kumaliza chakula, na mama alimaliza chakula chake.

Alilala siku tatu, kitandani, ndani ya neti. Siku ya nne asubuhi alikuwa amefunga mzigo.

"Mama, moto upo sasa."

"Iko. Na Koboko iko moto ya dada yangu. Nani atawasha? Nikiacha ile, nyumba inakufa mara mbili." Alishika kidevu changu kama ninavyowaona wanawake wakimshika mtoto mdogo. "Nyumba yako iko sawa sasa, mtoto yangu. Wewe washa tu."

Nilimbebea mzigo hadi kwenye gari la Koboko.

Kwa hiyo nawasha. Kila siku saa kumi na moja jioni simu inalia, ni mama, kwa simu ya mtoto wa jirani yake. Anapiga mapema makusudi, kabla ndege hajaanza, maana hataki sauti ile ipite tena kwenye simu. Mazungumzo yetu ni mafupi.

"Umewasha?"

"Nimewasha, mama."

"Kuni iko?"

"Iko."

"Ikilia, tupa."

"Nitatupa."

Kinda ameshaota manyoya ya kahawia na anaruka, ingawa bado anawalilia wazazi chakula. Giza likianza, dume anaita, jike anajibu. Nachomoa kijinga, nakishika hadi joto linakaribia vidole, kisha nakirudisha motoni. Halafu nateleka chai. Mama aliyapanga mawe yale kwa chungu cha watu wengi, nami sufuria yangu ni ya kikombe kimoja. Haikai, inazama katikati. Ingekuwa rahisi kuyasogeza. Naishika kwa mkono mpaka maji yachemke.